Kwantamu bila fundi wa ombwe ni hadithi tu

Siku hizi hapa Lavington ukikosa kualikwa kwenye kongamano la akili unde, utaalikwa kwenye la kompyuta za kwantamu. Ukumbi mzuri, kahawa ya bure, skrini kubwa, na ile picha ya mtambo wa rangi ya dhahabu unaoning'inia kama taa ya ukumbi wa harusi. Jioni unatoka na cheti. Juzi kulikuwa na moja, sio mbali na James Gichuru Road, na walioandaa walitoza ada inayotosha kulipa kodi ya chumba kimoja Kawangware mwezi mzima. Nilikaa mpaka mwisho. Tukaambiwa kwantamu itagundua dawa, itavunja nywila za benki, itamletea mkulima wetu mbolea ya bei nafuu. Hakuna aliyetuambia ile kompyuta inakaa ndani ya nini.

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kazi yenyewe. Vijana wa Nairobi tunauziwa ule upande wa kwantamu ambao kila mtu duniani mwenye kompyuta mpakato tayari anaugombania, yaani kuandika programu. Upande unaowakosesha usingizi watu wanaojenga mashine hizi ni kasha: unatoaje hewa ndani yake, na unaizuiaje isirudi miaka nenda miaka rudi. Hiyo ni kazi ya mikono. Ina shule yake, ina mafundi wake, na ngazi yake ya chini kabisa iko hapa hapa, ukifuata Gitanga Road hadi inapoingia Kawangware.

Hebu nieleze kwanza, maana najua wengine mnasoma hii mkiwa kwa matatu ya 46.

Ile picha ya dhahabu ni ya kompyuta za aina moja tu, zinazogandishwa kwa baridi kali, kama zile za IBM. Kuna aina nyingine inayotumia ioni. Ioni ni atomu iliyopokonywa elektroni, kwa hiyo ina chaji, na kitu chenye chaji unaweza kukishika kwa umeme bila kukigusa. Shida ni kwamba umeme uliotulia peke yake hauishiki. Ioni itateleza upande mmoja na kupotea. Mjerumani Wolfgang Paul, miaka ya 1950, akaona kwamba umeme ukigeuzwageuzwa upesi sana, mamilioni ya mara kwa sekunde, ioni inakosa nafasi ya kutoroka. Alikuwa akilionyesha hilo kwa mpira mdogo juu ya kitu chenye umbo la tandiko la farasi. Tandiko likitulia, mpira unaanguka. Likizungushwa kwa kasi inayofaa, mpira unabaki juu. Mwaka 1989 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Leo mtego huo unachongwa juu ya chipu ndogo, na ioni za iterbiamu au bariamu zinaelea juu ya uso wake kwa umbali wa unene wa unywele hivi, zimejipanga mstari kama watu wa foleni ya M-Pesa. Kila ioni ni kubiti moja. Leza ndiyo inayoiambia ifanye nini na ndiyo inayosoma jibu. Mwaka 1995 Ignacio Cirac na Peter Zoller waliandika jinsi mpangilio kama huo unavyoweza kupiga hesabu, na mwaka huo huo kundi la David Wineland kule Boulder, Marekani, likafanya hatua ya kwanza ya hesabu hiyo kwa ioni moja ya beriliamu. Thelathini baadaye, mwaka 2025, kampuni ya Quantinuum ikatoa mashine inayoitwa Helios yenye kubiti 98.

Thelathini kamili, miaka, kutoka ioni moja hadi 98. Jiulize ni nini kimechukua muda wote huo. Sababu ni nyingi, na leza nazo ni balaa lake. Lakini hewa ni mmoja wa maadui wa kwanza, na ndiye asiyepata nafasi kwenye skrini ya kongamano.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Ndiyo maana maji ya chai hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharagwe yanakula makaa kuliko Mombasa: hewa iliyo juu yetu ni nyepesi kidogo. Mgandamizo wake ni kama milibari 820, wakati pwani ni zaidi ya 1,000. Hata kwa wepesi huo, kila sentimita moja ya ujazo, tuseme kipande kidogo cha sukari, ina molekuli za hewa kama milioni ishirini, mara milioni, mara milioni tena. Ioni moja ikiwekwa hapo haitadumu hata kufumba jicho.

Sasa kasha la mtego wa ioni linatakiwa lifike milibari 0.00000000001. Hesabu sufuri mwenyewe. Na hata hapo si patupu. Kipande kile kile cha sukari bado kina molekuli laki mbili na ushee, nyingi zikiwa haidrojeni. Kwa hesabu ya haraka, ioni moja itagongwa na mojawapo karibu kila dakika 45. Inaonekana si mbaya, sivyo? Lakini weka ioni mia moja kwenye mstari, na sasa mmoja wao anagongwa kila nusu dakika. Akigongwa anaweza kubadilishana nafasi na jirani yake katikati ya hesabu, na mashine isijue ni nani ni nani. Au anaungana na ile haidrojeni, anakuwa kitu kingine, na leza haimwoni tena. Foleni inabaki na mtu kiziwi. Kwa hiyo kila unapoongeza kubiti, kasha lililokutosha jana linakuwa baya leo bila kutoboka popote.

Hii ndiyo sababu nawaambia msidanganywe na idadi ya kubiti peke yake. Uliza kuhusu kasha.

Na kasha lenyewe linajengwaje? Kwa uvumilivu wa ajabu. Chuma cha pua au titani, kikichongwa kwa ukingo mkali kama kisu. Pande mbili zinapokutana unaweka pete ya shaba katikati, unakaza bolti moja moja kwa zamu, ukingo unauma ndani ya shaba, na hewa haina pa kupita. Pete hiyo ukifungua unaitupa, haitumiki mara ya pili. Hakuna kugusa ndani kwa kidole kitupu, maana mafuta ya alama moja ya kidole yatatoa mvuke siku nenda siku rudi. Hakuna shaba iliyochanganywa na zinki, kwa sababu zinki inageuka mvuke kwenye ombwe na kupaka kila kitu. Madirisha ya kupitishia leza yanakuwa ya kioo cha silika au yakuti. Nyaya za chipu, na zinaweza kufika mia moja na zaidi, zinapita ukutani ndani ya kauri, na kila moja ni nafasi ya kuvuja.

Halafu unalioka. Ndiyo, kuoka kama keki. Linafungwa tepe za kupasha moto, linazungushiwa karatasi ya alumini ile ile tunayofungia nyama choma, na linakaa kwenye nyuzi kama 200 kwa wiki nzima au mbili, pampu ikivuta usiku na mchana. Sababu ni kwamba maji yamejishika kwenye kuta za ndani, tabaka jembamba lisiloonekana, na bila moto yatatoka kidogo kidogo kwa miezi. Ukimaliza na maji unakutana na haidrojeni iliyojificha ndani ya chuma chenyewe tangu kilipoyeyushwa kiwandani. Na heliamu ya angani, ingawa ni kidogo, inapenya hata kioo. Ndani ya kasha wanaacha kipande cha metali kinachonasa gesi zinazobaki. Kama uliwahi kufungua runinga za zamani zile za mgongo, ule mpako mweusi unaong'aa ndani ya kioo karibu na shingo ulikuwa ukifanya kazi hiyo hiyo, na ulikuwa bariamu. Fundi wa runinga wa River Road alikuwa na ombwe mezani kwake kabla hatujajua neno kwantamu.

Kwa miaka mingi kasha hizi zilikuwa mitambo ya kujaza meza nzima. Sasa mbio ni za kuzipunguza. IonQ, kampuni ya Marekani, imesema hadharani inatengeneza kasha dogo la mtego, lililofungwa kabisa, ili mashine nyingi ziweze kukaa kwenye rafu kama seva za kawaida. Wengine wanapoza chipu hadi karibu na sufuri kamili ili kuta zenyewe ziinase gesi. Njia zote mbili zinataka watu wanaojua kusafisha, kuchomelea, kuunganisha nyaya nyembamba za dhahabu, kuoka, na kutafuta pahali panapovuja. Hawa hawapatikani kwa kozi ya wikendi.

Sasa turudi Lavington. Friji yetu iliharibika mwezi uliopita, na fundi aliyekuja anatoka Kawangware, upande wa Congo. Alichomelea bomba, akajaza nitrojeni, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo akitafuta mapovu. Kisha akaunganisha pampu na kuiacha ikivuma. Dakika ishirini. Thelathini. Nikamuuliza, "Fundi, mbona unaiacha muda wote huu, si hewa imeshatoka?"

"Hewa imetoka zamani," akasema. "Natoa maji, kijana wangu. Nikiyaacha yataganda kwa ile bomba nyembamba, na wiki ijayo utanipigia simu ukinitukana."

Baadaye akafunga vali, akazima pampu, akakaa kwenye ngazi kunywa chai huku akiangalia geji. Mshale ukipanda haraka, kuna tundu. Ukipanda kidogo halafu ukatulia, bado kuna maji. Jamani, hicho ndicho wanachofanya kwenye maabara za fizikia: unafunga vali, unapima mgandamizo unavyopanda, na kutokana na jinsi unavyopanda unajua kama ni tundu au ni unyevu unaotoka ukutani. Tofauti ni vifaa na idadi ya sufuri. Hewa ikipungua vya kutosha maji yanachemka hata kwa joto la sebuleni, na yeye anajua hilo kwa mkono wake bila kulisoma popote.

Siwezi kumpamba kupita kiasi. Pampu yake ikifanya kazi vizuri inashuka chini kidogo ya milibari moja. Kutoka hapo hadi kwenye kasha la ioni unagawanya kwa kumi, mara kumi na moja. Mafuta ya pampu yake yangeichafua chipu siku ya kwanza. Na kuna mafundi wengi tu mtaani wasiotumia pampu kabisa. Wanafukuza hewa kwa kupuliza gesi ya friji kidogo, wanafunga, wanachukua pesa, na kompresa inakufa kabla ya Krismasi. Lakini huyu anayeelewa kwa nini anangoja ameshapata ile tabia ambayo ni ngumu zaidi kufundisha kuliko fomula.

Na katikati ya ngazi hatuko watupu. Pale Kabete, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna KAGRC, kituo kilichoanza mwaka 1946 ambako mbegu za mafahali zinahifadhiwa ndani ya nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sufuri. Mtungi unaobeba nitrojeni hiyo ni chupa ya chai iliyokua: kuta mbili na ombwe katikati. Mtaalamu wa uhamilishaji anayepanda pikipiki na mtungi kwenda kwa ng'ombe wa mtu huko Githunguri amebeba ombwe mgongoni. Likiharibika, mtungi unaota barafu kwa nje, nitrojeni inakwisha, na mbegu zinaharibika kabla hajafika. Chiromo, kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafizikia wametengeneza utando mwembamba wa kunasa nishati ya jua ndani ya ombwe kwa miaka mingi. Kwa hiyo tunao watu. Hawajawahi kuwekwa chumba kimoja na fundi wa friji, na hakuna anayeona kama hao wote wanafanya fani moja.

Hapa ndipo siasa ya chipu inapoingia. Mei 2024, Rais Ruto alipokuwa Washington kwa ziara ya kitaifa, Ikulu ya Marekani ilisema inakusudia kushirikiana na Bunge lao kuileta Kenya kwenye mfuko wa kimataifa wa sheria yao ya chipu, nchi ya kwanza Afrika. Tukashangilia. Nyeri, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, tuna STL, kampuni ya chipu iliyoanzishwa na Mkenya. Hiyo ni hatua ya kweli na sina utani nayo. Lakini ukisikiliza tunavyozungumza mtandaoni, utadhani kesho tutachonga chipu kama Taiwan. Malaysia haikuanza hivyo. Mwaka 1972 Intel ilifungua kiwanda Penang, na kazi ilikuwa kufungasha: kuchukua chipu iliyochongwa kwingine, kuiunganisha nyaya, kuifunga, kuipima. Kazi iliyodharauliwa. Leo Malaysia inahesabiwa kufanya takriban asilimia 13 ya kazi yote ya dunia ya kufungasha na kupima chipu, na juu ya msingi huo wamejenga mengine. Kufungasha chipu ya simu na kufungasha mtego wa ioni si kitu kimoja, lakini mkono unaounganisha waya wa dhahabu kwenye kauri na kupima kwa heliamu kama kifuniko kinavuja, huo ni mkono mmoja.

Najua inboksi itajaa. Mmoja atasema, kwani si tunaweza kutumia kompyuta hizo kwa intaneti tu? Tunaweza. IBM waliweka yao mtandaoni tangu 2016, na wana maabara ya utafiti Nairobi tangu 2013. Jifunze, masomo mengi ni ya bure, na ndiyo sababu sielewi kwa nini ulipie cheti. Lakini mtumiaji wa mbali ni mteja. Ukitaka kuwa zaidi ya mteja lazima kuwe na kitu unachojua kukitengeneza.

Mwingine, na huyu ndiye ninayemheshimu, ataniuliza: wewe uko Lavington, unataka watoto wa Kawangware wawe mafundi ili wa Lavington wawe wanasayansi? Hapana, na swali lina uchungu kwa sababu ndivyo Nairobi imejengwa. Ninachosema kinawahusu zaidi wenye digrii. Kwenye maabara za ioni, anayefunga karatasi ya alumini na kukaza bolti usiku wa manane mara nyingi ndiye anayesomea shahada ya uzamivu. Huko hawana dharau hii yetu ya spana. Sisi tunamaliza fizikia Chiromo tukiwa hatujawahi kufungua pampu, halafu tunaenda kuuza bima. Na kijana wa chuo cha ufundi anafundishwa friji bila kuambiwa kwamba alichokifanya mchana huo kina hesabu yake na kina ngazi inayopanda mbali sana. Wote wawili wameibiwa.

Sisemi Kenya itajenga kompyuta ya kwantamu miaka kumi ijayo, siamini hivyo. Ninachotaka ni kidogo na kina bei. Kozi moja ya ombwe, ya miezi sita, Kabete National Polytechnic, ikifundishwa na mwanafizikia na fundi wa friji kwa pamoja, darasa moja. Pampu ya kasi, geji zinazosoma chini sana, kifaa cha kutafuta tundu kwa heliamu, tanuri la kuokea. Vifaa hivyo vinauzwa hata vikiwa vimetumika, na bei yake ni ya gari, sio ya jumba la huku kwetu. Mtu akitoka hapo hata kama hatawahi kuona ioni, atatengeneza mtungi wa nitrojeni wa Githunguri, mashine ya kukausha dawa kwa baridi, mtambo wa kupaka utando Chiromo, na kesho akiitwa Nyeri hataanza na sifuri.

Kwa sasa nimeanza orodha. Ukiwa unafundisha friji au fizikia popote Nairobi na una pampu ambayo bado inavuta, hata kama imejaa vumbi stoo, niandikie imefika milibari ngapi mara ya mwisho ulipoipima. Mkiulizwa na waandaaji wa lile kongamano lijalo mnataka mada gani, waambieni walete kasha moja lililofunguliwa na pete yake ya shaba iliyoumwa, walizungushe ukumbini tulishike. Na glavu.